Hasara Ambayo Haijatokea

Benki yetu ya wananchi pale Same ilikuwa na desturi ambayo sijaikuta katika benki nyingine yoyote, nami nilizifanyia kazi kadhaa kabla ya kurudi nyumbani. Sera za uhasibu zilisomwa kwa sauti mbele ya wanahisa, kifungu baada ya kifungu, kwa Kiswahili, na hakuna kifungu kilichopita mpaka mtu wa mwisho mwenye swali awe ameketi. Sheria haikutudai hivyo. Ilitosha bodi ipitishe na mkaguzi athibitishe. Lakini benki ile ilianzishwa na watu wa milimani waliouza kahawa na maharage wakanunua hisa moja moja, na mtu wa Upare hakubali kufungwa na andiko ambalo hakulisikia kwa masikio yake. Watani wetu husema kwamba Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Huwa nawajibu kwamba walau sisi tunamjua kuku wetu ni yupi.

Nilikuwa mhasibu mkuu, na kusoma sera ilikuwa kazi yangu. Viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha hutufikia vikiwa vimeandikwa kwa lugha ya watu ambao hawajawahi kuiona Same, na kila mwaka, baada ya hesabu kufungwa, nilikaa ofisini na upepo wa tambarare ukigonga madirisha, nikitafuta namna ya kumweleza mkulima wa Chome kwa nini jengo la benki linapungua thamani ilhali ukuta wake haujapasuka. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyojua wakati huo. Mtu anayelazimika kueleza jambo kwa wenye mali hawezi kujificha nyuma ya maneno makubwa. Ama amelielewa, ama ataaibika hadharani. Ningependa kila mhasibu wa nchi hii apitishwe katika tanuri hilo walau mara moja.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa kanisa. Watu wa milimani waliteremka na magari ya alfajiri wakiwa wamevaa masweta mazito, maana waliondoka kwao kungali na ukungu. Ilipofika saa nne za asubuhi joto la Same lilikuwa limewavua wote, na masweta yamekunjwa magotini kama paka waliolala. Nyuma ya ukumbi akina mama walipika makande katika masufuria makubwa, na harufu yake iliingia kwa madirisha kadiri vifungu vilivyozidi kuwa virefu. Meneja wetu, mtu mpole wa Ugweno, alikuwa na kawaida ya kuninong'oneza, "Fupisha, harufu imeshafika." Sikufupisha hata siku moja.

Mwaka ninaoukumbuka zaidi ni ule ambao kiwango kipya cha mikopo kilianza kutumika. Zamani benki ilisubiri mkopaji ashindwe kulipa ndipo iandike hasara. Kiwango kipya kilikataza kusubiri huko. Kilitaka kwamba tangu siku mkopo unapotolewa, benki itenge sehemu ya mapato yake kwa ajili ya hasara inayotarajiwa, ikiangalia makundi ya mikopo yenye hatari zinazofanana. Tuliita fungu hilo tengo. Nilikiona kiwango hiki kuwa cha haki, na mpaka leo nakiona hivyo. Benki nyingi zimekufa zikiwa na faida nono kwenye karatasi, kwa sababu hakuna aliyetaka kusema mapema kile ambacho kila mtu alikijua.

Tukayapanga makundi: mikopo ya watumishi wanaokatwa mishahara, mikopo ya wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, mikopo ya wafanyabiashara wa sokoni, na mikopo ya wakulima wa tangawizi wa milimani. Kundi la tangawizi ndilo lililobeba tengo kubwa kuliko yote. Hapakuwa na chuki wala upendeleo. Bei ya tangawizi ikianguka huwaangukia wote kwa pamoja. Mvua ikikata barabara ya milimani, malori ya wanunuzi hayamfikii hata mmoja.

Nilipomaliza kukisoma kifungu hicho, alisimama shangazi yangu.

Alikuwa dada mdogo wa baba, mjane, mwanahisa tangu benki ikiwa chumba kimoja karibu na soko, na kiongozi wa kikundi cha wakulima wa tangawizi katika kijiji kilicho juu ya Myamba. Likizo zangu zote za shule nilizimaliza nyumbani kwake. Ukumbini hatukuwa na undugu. Yeye ndiye aliyeiweka kanuni hiyo, na asingenisamehe kuivunja.

"Mwenyekiti, namwomba mhasibu anijibu. Mhasibu, mimi nadaiwa na benki hii. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Tarehe yangu ya kulipa imefika?"

"Bado."

"Nimewahi kuchelewa?"

"Hujawahi."

"Kuna mtu wa kikundi chetu amewahi?"

"Hakuna."

"Basi hiyo hasara uliyotusomea, kaileta nani?"

Ukumbi ukacheka. Nikaeleza kwamba hasara hiyo haijaletwa na mtu, kwa kuwa haijatokea. Kwamba benki inajiandaa tu kwa kile kinachoweza kulipata kundi zima. Mwalimu mmoja mstaafu kutoka Chome, ambaye hakuna mkutano uliopita bila yeye kusimama, akainua mkono.

"Mwenyekiti, nielewe vizuri. Mshtakiwa hajulikani. Kosa halijatendwa. Lakini hukumu imeshaandikwa, na mhasibu ametusomea! Hata Mahakama ya Mwanzo haijafika huko!"

"Na faini juu!" akadakia mtu wa nyuma.

"Hakuna faini," nikasema. "Hakuna mkulima atakayekatwa hata shilingi. Fedha hizi zinatoka katika faida ya benki yenyewe."

Hapo ndipo mfanyabiashara mmoja wa soko la Same alipogeuka kwenye kiti chake, akawatazama watu wa milimani huku akitabasamu, akasema, "Aa! Kumbe gawio letu mwaka huu limeliwa na tangawizi!"

Alikuwa akitania, na waliocheka walicheka kama watu wanavyomchekea mtani. Lakini nilimwona shangazi akiketi polepole, akalichukua sweta lake gotini, akalikunja tena ingawa lilikuwa limekwisha kukunjwa. Kifungu kilipigiwa kura kikapita. Makande yalipopakuliwa, alikuwa ameshatoka kwenda kutafuta gari. Shangazi kuyaacha makande ilikuwa habari iliyotangulia kufika Myamba kabla yake.

Wiki kadhaa baadaye wakulima wa kijiji chake walianza kuja kulipa madeni yao. Walikuja wawili watatu, wakasimama kaunta bila maneno mengi, wakalipa kila kitu na kudai risiti. Meneja alifurahi mno. "Sera yako imefanya muujiza," aliniambia. "Tarehe zao ziko mbali, na wanalipa!"

Mimi sikufurahi. Nimekulia katika mashamba yale, na najua kwamba mwezi ule hakuna mtu mwenye akili timamu anayevuna tangawizi. Nikatembea mpaka sokoni. Palikuwa na lori lililotoka milimani, na katika magunia yake niliona tangawizi nyeupe, laini, yenye ganda linalotoka kwa kusuguliwa na kidole. Tangawizi changa imejaa maji. Hunyauka ikiwa safarini, na mnunuzi huitolea bei ya kuonea. Watu wale walikuwa wakiing'oa ili walipe kabla ya wakati, tengo lifutwe, na mtu yeyote asipate tena kusema kwamba wamekula gawio la wenzao.

Hasara ya bei ilikuwa mbaya, lakini haikuwa ndiyo iliyonitia hofu. Tangawizi hupandwa kwa vipande vya tangawizi yenyewe, na kipande kisichokomaa hakifai kuwa mbegu. Katika kijiji kile shamba lililowekwa kwa ajili ya mbegu ya kikundi kizima lilikuwa la shangazi. Akiling'oa hilo, mvua zitakapokuja hapatakuwa na cha kupanda, yeye wala wengine.

Jumamosi nikapanda gari la mchana, nikashuka Myamba, nikatembea kwa miguu njia iliyobaki. Sijui kama kuna njia nyingine duniani inayonirudisha utotoni kwa haraka vile. Kwanza mtu huhisi baridi masikioni, kisha harufu ya moshi wa kuni mbichi na migomba, halafu husikia mfereji wa maji unaotoka kwenye ndiva, lile bwawa la ukoo ambalo sisi watoto tulikatazwa kuliogea na ambalo tuliliogea kila likizo. Nilikuwa mtu mzima mwenye miwani na mkoba, na bado miguu yangu ilijua ni jiwe lipi linalotikisika.

Nilimkuta shambani. Akina mama wa kikundi walikuwa naye katika msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kwetu hufanywa leo kwa huyu na kesho kwa yule. Sehemu kubwa ya shamba ilikuwa imeshachimbwa, na udongo umefunguka mweusi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekuja kama mtoto wa kaka yangu, au umekuja kama benki?"

"Kama mtoto wa kaka yako."

"Basi chukua jembe."

Akina mama wakacheka. Nikasema siwezi kuchimba tangawizi ambayo haijakomaa.

"Haya, jamani, karibuni benki," akawaambia wenzake. "Mpeni kiti, asichafue viatu."

Sikukaa. Nilimwambia kwamba tarehe yake ya kulipa iko mbali na hakuna anayemdai siku ile. Akanijibu bila kuacha kuchimba kwamba deni la hela analijua na halimnyimi usingizi. Nikajaribu njia nyingine, ambayo nilikuwa nimeiandaa garini nikiona ni nzuri.

"Shangazi, unapohifadhi mbegu, huhifadhi zaidi ya mahitaji ya shamba?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nyingine itaoza."

"Ipi?"

"Ningeijua si ningeila?"

"Kwa hiyo umetenga kwa ajili ya kuoza, na hujakituhumu hata kipande kimoja. Benki imefanya hilo hilo."

Akasimama wima, akaliegemea jembe. Kwa kitambo nilidhani nimemshinda.

"Baba, tangawizi haina jirani," akasema. "Tangawizi haiendi kanisani Jumapili ikakaa benchi moja na watu walioambiwa kwamba imekula cha wenzao. Mimi naenda. Kesho nakwenda, na wewe utakwenda nami, utaona tunavyotazamwa."

"Waliosema hivyo walikuwa watu wa sokoni Same, na walikuwa wakitania."

"Utani unaoandikwa kwenye vitabu vya benki si utani."

"Na mbegu ya mwakani utaitoa wapi?"

Aliitazama sehemu iliyokuwa haijachimbwa, na nilijua kwamba swali hilo alikuwa amejiuliza kabla yangu, na zaidi ya mara moja.

"Mungu anajua," akasema.

"Mungu alishaipangia tangawizi miezi yake, shangazi. Wewe ndiye unayemharakisha."

"Unahubiri kama baba yako," akasema, akainama kuchimba. "Naye hakuwahi kushika jembe la mtu huku akihubiri."

Niliudhika, na kusema kweli bado nikikumbuka huudhika kidogo. Tangu hapo nimesoma vitabu vingi kuhusu heshima ya mtu, vya wanafalsafa na vya wanatheolojia, na wengi wao huisifu kana kwamba haina gharama. Heshima ina gharama, na mara nyingi hulipwa na shamba la mwakani. Lakini pia nilijua kwamba benki ile isingeweza kuwapo bila watu wa namna ya shangazi. Hatukuwa na dhamana ya nyumba wala hati za ardhi kwa mikopo ile. Kilichotulinda ni kwamba mtu wa kijiji kile angeona afadhali ale ugali na chumvi kuliko kusikia jina lake likitajwa kwa deni. Tulikopesha juu ya aibu yao, na sasa aibu hiyo hiyo ilikuwa ikiing'oa mbegu.

Jumapili tulikwenda kanisani pamoja. Hakuna aliyetutazama vibaya, kwa jinsi nilivyoona mimi. Shangazi aliona vingine. Jumatatu alimaliza shamba.

Akaja Same wiki ile ile, akapanga foleni kama mteja mwingine yeyote, ingawa meneja alimkaribisha ofisini. Alilipa, akachukua risiti, kisha akaniita dirishani. "Sasa futa." Nikamwingiza ndani, nikamwonyesha kwenye kompyuta jinsi mkopo wake ulivyofungwa na tengo lake kurudi kwenye mapato, maana kiwango chenyewe ndivyo kinavyoagiza: deni likilipwa, kilichotengwa kwa ajili yake hurudi. Akausoma mstari ule kwa makini, akauliza maana ya kila tarakimu, akaifunga risiti kwenye ncha ya khanga. Aliondoka akitembea kama mtu aliyeshinda rufaa.

Sera haikubadilika. Bodi iliniuliza kama kundi la tangawizi liondolewe kwenye maelezo ya hesabu ili kulinda amani, nikakataa, na mkaguzi wa nje angekataa pia. Taarifa ya fedha inayoficha hatari ili isimkwaze mtu ni uongo wenye adabu. Nilichokubali ni kwamba mwaka uliofuata nianze kusoma kwa kueleza tengo la mikopo ya watumishi, tukiwemo sisi wenyewe wa benki, na nilifanya hivyo. Yule mwalimu wa Chome alisimama hata hivyo. Alitaka kujua kama mhasibu ameshaandika hasara tarajiwa ya mvua.

Siku hizi benki ile imeunganishwa na kubwa zaidi. Sera za uhasibu hutumwa kwa wanahisa kwenye simu, kurasa nyingi sana kwa herufi ndogo, na mkutano wenyewe hufanyika kwa mtandao na kumalizika kabla chai haijapoa. Hakuna anayesimama kuuliza hasara kaileta nani. Vijana wa ofisini huniambia haya ni maendeleo, na kwa upande wa hesabu wana haki, kwa kuwa hesabu zao ni safi kuliko zilivyokuwa zetu. Lakini mtu anayepitisha kwa kubonyeza kitufe sera ambayo hakuisoma hana hoja siku itakapomgharimu. Natamani ule ukumbi wenye joto, masweta magotini, na watu wenye hisa moja wakinihoji kana kwamba nimeiba. Shangazi yu hai, ingawa hateremki tena Same, magoti yanamkataza.

Mara ya mwisho kumwona upande wa pili wa meza yangu ilikuwa mwezi wa kuandaa mashamba, mwaka ule ule wa tangawizi changa. Kijijini kwake matuta yalikuwa wazi. Waliokuwa na haraka walipanda maharage. Yeye alikuwa amepata mbegu ya kununua kwa watu wa upande mwingine wa mlima, kwa bei ambayo aliitaja akiwa ameangalia dirishani, na alikuja kukopa ili ainunue, kwa ajili yake na kwa ajili ya kikundi. Karatasi zilikuwa tayari. Alikuwa ameshashika kalamu.

"Shangazi, kabla hujaweka saini, nina jambo la kukuambia."

"Nalijua."

"Nalazimika kulisema. Siku ninapokupa mkopo huu ndiyo siku ninayoandika tengo lake. Leo leo. Hutakuwa umefika stendi."

Akaiweka kalamu chini. Nilidhani atainuka, na moyoni nilianza kuhesabu ni nani mwingine angeweza kumkopesha, nisimpate.

"Na wewe," akasema, "wewe mhasibu, una mkopo humu ndani?"

"Ninao. Wa nyumba."

"Umeandikiwa?"

"Nimeandikiwa. Nimo kwenye kundi la watumishi."

"Nani kakuandika?"

"Nimejiandika mwenyewe."

"Kwa hiyo umeandika kwamba mtoto wa kaka yangu anaweza kushindwa kulipa."

"Ndiyo."

"Meneja je?"

"Naye yumo."

Alicheka kwa namna ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa mtoto, mpaka msichana wa kaunta akageuka kututazama. Akajifuta macho kwa khanga.

"Ungesema hilo pale ukumbini," akasema, "ningekula makande yangu."

"Hukuuliza."

"Haya." Akaichukua kalamu. "Andika. Lakini andika kidogo."

"Nitaandika kinachostahili."

"Ndicho nilichosema," akajibu, akaweka saini.